Darubini Huchaguliwa kwa Kazi, Bei Hufuata

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote huanzia kwenye pesa. "Nina laki tatu, ninunue darubini gani?" Au mtu ananionyesha picha mbili kwenye simu na kusema, "Hii ya milioni mbili si ndiyo nzuri kuliko ya laki nne?" Nimetembeza wageni kwa miaka mingi, kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanzania na kwenye misitu ya pwani, na jibu langu ni swali lilelile kila mara: utakuwa umesimama wapi, saa ngapi, ukitazama kitu gani?

Wengine hudhani nawakwepa. Lakini mvuvi haulizi bei ya wavu kabla hajaamua kama anakwenda kuvua dagaa au papa. Ukubwa wa macho ya wavu ndio unaoamua atarudi na nini, na wavu wa ghali wenye macho makubwa utawapitisha dagaa usiku kucha. Niliwahi kuwa na mzee mmoja kutoka ng'ambo pale Seronera, katikati ya Serengeti, ameshika darubini ya zaidi ya dola 2,000, akiishusha kila baada ya dakika mbili kwa sababu mikono inatetemeka na chui haonekani. Kijana aliyekaa nyuma yake, mwenye darubini ambayo bei yake haikufika hata robo ya ile, ndiye aliyetuonyesha mkia ukining'inia kwenye mwegea. Ya mzee ilikuwa 15x56, kifaa cha kufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu na mtu aliyetulia chini. Hakutapeliwa. Alinunua kifaa bora cha kazi nyingine.

Namba mbili zilizoandikwa ubavuni

Karibu kila darubini ya macho mawili ina namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati: 8x42, 10x50, 7x50. Ya kwanza ni ukuzaji, yaani kitu kinasogezwa karibu mara ngapi. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha linaloingiza mwanga. Zikisomwa pamoja zinakueleza mambo ambayo karatasi ya bei haiwezi kukueleza.

Tuanze na ya kwanza, maana ndiyo inayowaponza wengi. Duma amelala juu ya kichuguu, mita 400 kutoka barabarani. Ukimtazama kwa ukuzaji wa 8, utamwona kana kwamba yuko mita 50. Kwa ukuzaji wa 10, kana kwamba yuko mita 40. Ubishi wote wa dukani ni juu ya mita kumi hizo. Si za kudharau, ila si mbingu na ardhi kama wauzaji wanavyozinadi.

Na mita hizo kumi zina gharama yake, mbali na pesa. Mkono wa binadamu hautulii, na darubini hukuza mtetemo kama inavyomkuza duma. Ukuzaji wa 8 watu wengi huumudu kwa raha. Wa 10 wengi bado huumudu, ila baada ya dakika chache mabega huanza kulalamika. Ukifika 12 na kupanda, picha inacheza kiasi kwamba yale madoadoa uliyotaka kuyahesabu yanapotea, mpaka uegemee kitu au utafute stendi. Zipo darubini zenye mtambo ndani wa kutuliza mtetemo, Canon wamekuwa wakizitengeneza tangu miaka ya 1990, na ni mkombozi kwa mtu anayetazama akiwa kwenye boti au ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kwa umri. Lakini zinakula betri, na mtu wa kambi ya porini ajiulize kwanza betri atazipata wapi.

Gharama ya pili ni upana. Darubini ya kawaida ya 8x42 hukuonyesha eneo la upana wa mita 130 hivi mahali palipo umbali wa mita 1,000. Ya 10x42 hukuonyesha kama mita 110. Ile ya 20x50 hukupa 60 hivi tu. Kwa faru aliyelala, upana si hoja. Kwa kozi anayekata anga nyuma ya njiwa, upana ndio kila kitu, kwa sababu huwezi kumwona ndege ambaye hukumweka ndani ya dirisha.

Ndiyo maana nawatahadharisha watu juu ya vidarubini vya kukunja vinavyotembezwa mitaani vikiwa na maandishi 30x60. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Nimekutana na "milimita 60" ambazo kwenye rula zilikuwa 22. Namba ikiwa ya uongo, hakuna hesabu yoyote ya hapa chini itakayokusaidia.

Duara la mwanga

Shika darubini mbali na uso, mkono ukiwa umenyooka, uielekeze kwenye anga jeupe, si kwenye jua. Katikati ya kila lenzi ya jicho utaona duara dogo la mwanga, kama linaelea. Mwanga wote ambao darubini imeukusanya unatokea hapo. Kupata kipenyo chake ni hesabu ya shule ya msingi: gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inakupa milimita 5.25. 10x42 inakupa 4.2. 10x25 inakupa 2.5, na 7x50 zaidi kidogo ya 7.

Hesabu hii haina maana mpaka uilinganishe na mboni yako. Kwenye jua kali mboni hujibana hadi milimita 2 au 3. Gizani mboni ya kijana hufunguka hadi karibu 7, na ya mtu aliyevuka miaka 50 mara nyingi huishia kwenye 5 au chini yake. Duara la mwanga likiwa pana kuliko mboni, ziada inaangukia nje ya mboni na haikufikii. Kwa hiyo saa sita mchana kwenye mbuga ya wazi, kidarubini cha 10x25 kinachoingia mfukoni mwa shati hukupa picha yenye mwanga uleule wa 10x50 inayokuning'inia shingoni kama jiwe. Ile kubwa inabakiwa na raha moja, kwamba jicho likisogea kidogo picha haikatiki, na kwenye gari linalotikisika raha hiyo unaihisi. Lakini mtu asikwambie kwamba mgeni anayekwenda mbugani siku mbili, mchana mtupu, amekosea kununua ndogo.

Hapa pia ndipo ushauri wa ng'ambo unapotupoteza. Mengi tunayoyasoma yameandikwa kwa watu wa Ulaya. Kule jua likizama, hasa kiangazi, mwanga hafifu hubaki muda mrefu, na wawindaji wa Ujerumani na Austria hukaa ndani ya mwanga huo kwenye vibanda vyao vya juu wakingoja nguruwe mwitu. Kwao 8x56, yenye duara la milimita 7, ni chombo cha maana. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka wima. Likishazama una dakika ishirini na kitu za kuona vizuri, kisha ni usiku. Na saa hizo gari lako linatakiwa liwe limerudi kambini, maana mbugani huzunguki usiku bila kibali. Sioni sababu ya kubeba zaidi ya kilo moja ya vioo kwa ajili ya dakika ishirini.

Giza letu linalohitaji darubini liko kwingine, tena mchana.

Chini ya miti, kando ya tope

Ingia Amani, Usambara Mashariki, saa tatu asubuhi. Huko juu jua limewaka, lakini chini ya miti ni kama chumba kilichofungwa mapazia. Ndege yuko ama kileleni kabisa kwenye majani, kama chozi wa Amani, ama kwenye mitambaazi mbele yako, akijionyesha kwa sekunde tatu. Yuko mmoja mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mrefu mwembamba, wanasayansi wanamwita Artisornis moreaui, ambaye duniani kote anajulikana kwenye milima hiyo na kwenye nyanda za Njesi kaskazini mwa Msumbiji tu. Watu huvuka bahari kuja kumtafuta. Hatulii. Unasikia sauti, tawi linatikisika, na mwenye ukuzaji wa 12 ndiyo kwanza anatafuta ni tawi gani. Huku msituni unataka upana wa kumdaka mara moja, duara la mwanga lisilopungua milimita 4, na uwezo wa kuona vizuri kitu kilicho karibu.

Sifa hiyo ya mwisho haimo kwenye zile namba mbili, na wauzaji wengi hawaitaji. Kila darubini ina umbali wa chini ambao ukiusogelea zaidi picha inakuwa ukungu. Zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege na wadudu hushuka hadi mita 2 au chini ya hapo. Nyingi za baharini huanzia mita 5 na zaidi. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka siku utakayokwenda Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, kumtafuta bundi wa Sokoke. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18, na mchana hulala kwenye kichaka kizito, chini chini. Mwongozaji akimpata, mnasimama hatua chache tu kutoka kwake, mnanong'ona. Mwenye darubini inayoanzia mbali inambidi arudi nyuma, anakanyaga kijiti kikavu, na wote mmemkosa. Wapenzi wa vipepeo nao wanaujua uchungu huu. Jirani na msitu huo, pale Gede, uko mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993, unaouza vipepeo wanaolelewa na wakulima wanaopakana na msitu. Anayekwenda kuwatazama kwa karibu na darubini ya nahodha anaibeba bure.

Kwa msitu, basi, chaguo langu ni 8x42. Anayetembea kutwa nzima na shingo inamsumbua achukue 8x32, apoteze mwanga kidogo apate wepesi. Shingo ni kiungo cha kuhesabiwa katika uchaguzi huu. Ukitazama vilele vya miti kwa nusu saa na gramu mia tisa mkononi utanielewa.

Toka kwenye msitu huohuo, shuka hadi hori la Mida, na ushauri wote unageuka. Maji yakitoka tope linafunguka, na ndege wahamiaji wametapakaa mita 300, mita 500, wote wana rangi ya mchanga, wote wameinamisha midomo. Hapo 8x42 itakwambia kwamba kuna ndege. Kuwataja majina ni kazi ya darubini ya bomba moja, yenye ukuzaji wa 20 hadi 60, juu ya stendi imara. Ngorongoro nako kuna tabia hiyo. Ndani ya kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara, na faru weusi hawajali ratiba yako. Faru akiwa kilomita mbili, kwa ukuzaji wa 8 yuko kama mita 250, kwa 10 kama mita 200, kwa 30 hajafika mita 70. Ndiyo sababu waongozaji wanaoshinda kreta hupenda 10x42, na wenye bahati huwa na bomba moja limelazwa kwenye kiti.

Ila kuna kitu ambacho hakuna pesa inayokishinda, nacho ni hewa. Kuanzia saa nne au tano asubuhi ardhi ya mbuga imepata moto, hewa juu yake inachemka, mazigazi yanaanza, na yule faru wa kilomita mbili anakuwa doa linalocheza. Ukuzaji mkubwa hapo unakuza mchemko. Mgeni akiniambia darubini yake imeharibika saa saba mchana, namwomba aijaribu tena kesho saa moja asubuhi.

Baharini nitapita haraka, kwa kuwa jibu limejulikana kwa miongo mingi: 7x50. Chombo hakitulii, kwa hiyo ukuzaji uwe mdogo. Duara la milimita 7 humwachia jicho nafasi ya kuyumba. Uzito si tatizo kwa kuwa inaning'inizwa karibu na usukani. Hakikisha tu haipitishi maji.

Mwezi mwandamo na Kilimia

Kuutafuta mwezi mwandamo ni kazi ambayo wauzaji wa ng'ambo hawaifikirii kabisa, na mwambao mzima tunaifanya. Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu watu wamesimama, Forodhani kule Unguja wakiwa na bahari upande wa magharibi, Mombasa na Lamu wakitafuta paa la juu lipitalo minazi ya upande wa bara. Mwezi mchanga ni uzi, na anga bado lina mwanga. Shida haiko kwenye kukusanya mwanga. Shida ni kuupata uzi huo ndani ya weupe.

Mwezi una upana wa nusu digrii. Darubini ya 7x50 huonyesha digrii 7 hivi, maana yake miezi kumi na minne ingejipanga ndani yake kutoka ukingo hadi ukingo. Unapita na upeo wa magharibi polepole, kama mtu anayefagia, na eneo linakwisha mapema. Mwenye ukuzaji wa 20 ana dirisha la digrii 3 na mkono unaotetemeka, na mwezi huzama kabla hajamaliza. 10x50 nayo inafaa, hasa ukiegemea ukuta.

Jambo moja limewakosesha wengi mwezi, na halihusiani na bei. Anga tupu halina kitu cha kurekebishia, kwa hiyo mtu huinua darubini ambayo mara ya mwisho ilitazama kitu cha karibu. Uzi mwembamba ukiwa nje ya urekebisho haufifii, unatoweka kabisa. Rekebisha mapema kwenye kitu cha mbali sana, mnara wa simu au kisiwa, kisha usiguse gurudumu tena.

Na usiinue darubini upande huo mpaka jua liwe limezama lote. Darubini hukusanya jua na kulimwaga ndani ya jicho. Huchoma bila maumivu, na haliponi.

Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya digrii 7 hivi, hilali yenyewe haionekani kwa jicho la binadamu. Hesabu za siku hiyo zikisema digrii 5, hata ungekodi darubini ya mfalme utarudi nyumbani vilevile. Kama mwezi ulioonekana kwa darubini unatosha kwa kufunga au kufungua, hilo ni la masheikh na wana kauli zao. Mimi nazungumzia vioo.

Usiku ukishaingia, 10x50 inakuwa chombo cha nyota. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa jicho tupu walihesabu nyota sita au saba. Ndani ya 10x50 ni makumi. Lala chali kwenye mkeka ili viwiko vitulie kifuani, na utafute Mshtarii, yaani sayari ya Jupiter. Pembeni mwa Mshtarii utaona vinukta hadi vinne vimejipanga mstari. Ni miezi ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Ile ya kwenye bunduki

Kosa la kuanza na bei na ukuzaji lipo pia kwa wawindaji. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, lakini Tanzania bado vipo vitalu vya uwindaji wa leseni, na huko unaweza kukuta bunduki imefungwa darubini ya ukuzaji wa 6 hadi 24. Hiyo ni ya mtu aliyelala kifudifudi akilenga shabaha ya mbali. Nyati wa kichakani yuko mita 40. Kwa ukuzaji wa 6 unaona ngozi nyeusi dirisha zima na hujui bega liko wapi. Kazi hiyo inataka inayoanzia 1 au 1.5, ambayo macho yote mawili yanabaki wazi na unaona kinachokujia kutoka kando.

Na haijalishi ni ya bei gani, darubini ya bunduki si ya kutafutia. Kila unachokitazama kwayo umekielekezea mtutu, na kinachotikisa kichaka chaweza kuwa mama anayeokota kuni. Ya kutafutia ni ya shingoni.

Pesa inanunua nini, basi

Inanunua vitu halisi, na si haki kusema vinginevyo. Bila vioo vya kupindisha mwanga ndani, viitwavyo prizimu, picha ya darubini ingekuwa kichwa chini miguu juu. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza ya prizimu zake mwaka 1854, lakini vioo vya wakati ule havikuwa safi vya kutosha, na ilikuwa mwaka 1894 ndipo Ernst Abbe na kampuni ya Zeiss walipoziuza darubini za namna hiyo zenye ubora. Ndizo zile zenye mabega mapana. Zile nyembamba zilizonyooka kama mabomba mawili hutumia prizimu za umbo lingine, ambazo zinadai ukataji wa usahihi mkubwa na utando maalumu uliobuniwa Zeiss mwaka 1988, vinginevyo picha inakosa makali.

Hapa ndipo yule mwenye laki tatu anapopata jibu lake. Kwa pesa ndogo, yenye mabega mapana mara nyingi huonyesha vizuri kuliko iliyonyooka ya bei hiyohiyo, kwa sababu mtengenezaji hakulazimika kumaliza bajeti kwenye prizimu. Haipendezi shingoni, na mara nyingi haihimili mvua. Lakini inaonyesha.

Pesa hununua pia utando juu ya vioo. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au kutoka, na darubini huwa na nyuso kumi kwa urahisi, kwa hiyo theluthi ya mwanga inapotea njiani. Alexander Smakula wa Zeiss ndiye aliyepata dawa yake mwaka 1935, na tando za sasa zilizo bora zimeshusha hasara hiyo chini ya nusu ya asilimia kwa kila uso. Inamisha lenzi chini ya taa utazame mng'ao wake. Ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau, ni dalili njema. Ukiwa mweupe kama wa dirisha, kioo ni kitupu. Ukiwa mwekundu kama kioo cha saluni, rudisha. Tando hizo nyekundu hutupa nje wekundu wa mandhari na kukuachia picha ya kibuluu, na ndege unamjua kwa rangi zake.

Tatu, pesa hununua kuzibwa. Asubuhi ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, ni baridi ya koti. Unashuka mita 600 hadi chini na joto linapanda. Darubini isiyozibwa hupata umande ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Zilizojazwa naitrojeni hazina shida hiyo. Pwani adui ni kuvu, anayeota juu ya lenzi kama utando wa buibui. Kwa mwongozaji anayefanya kazi siku mia mbili kwa mwaka, kuzibwa ni kitu cha kulipia kabla ya kingine chochote.

Juu ya hapo, kutoka darubini ya dola 400 hadi ya 2,000, unalipia makali hadi ukingoni, rangi zisizovuja kandokando ya tawi jeusi, na chombo cha kumrithisha mtoto. Anayetazama saa nane kwa siku atayahisi hayo jioni kwenye macho yake. Wengine wote nawashauri wachukue tofauti hiyo wakailipie nauli na siku nne Amani.

Kabla ya kutoa pesa

Toka nje ya duka. Tazama waya wa umeme dhidi ya anga. Funga macho, pumzika, yafungue: kama kwa sekunde moja unaona waya mbili kisha macho yanazivuta zikaungana, mabomba hayajalingana, na kichwa kitakuuma ndani ya nusu saa. Hiyo usiichukue hata kwa bure. Tazama tena lile duara la mwanga. Liwe duara kweli, lisiwe na kingo zilizokatwa.

Wavaa miwani, mwulizeni muuzaji umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi. Usipungue milimita 15, na 17 ni salama zaidi. Kisha shusha zile pete za mpira za kwenye lenzi za jicho hadi mwisho. Watu wengi wenye miwani wamekaa miaka wakiamini darubini hazijaumbwa kwa ajili yao.

Liko jambo moja la mwisho ambalo hata mwenye darubini sahihi hukwama nalo. Macho yetu mawili hayafanani, na kwenye lenzi ya jicho, mara nyingi ya kulia, kuna pete ya kusawazisha. Funika lenzi ya mbele ya kulia, rekebisha kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione makali. Funika ya kushoto, na sasa usiguse gurudumu, zungusha ile pete mpaka la kulia nalo lione makali. Kumbuka pete imesimama wapi. Kuanzia hapo gurudumu linatosha.

Mama mmoja mwalimu kutoka Singida alikuja Serengeti na wanawe, na darubini ya 8x40 yenye mabega mapana aliyoazimwa na shemeji yake. Siku nzima alikuwa akisema, "Mwanangu, hii ni ya bei rahisi, nitatumia macho yangu." Jioni, karibu na Ndutu, duma alikuwa amekaa juu ya kichuguu, mbali kiasi. Nikazima injini, kwa sababu injini inayonguruma inatikisa kila mkono ulioegemea gari. Nikamwomba, "Mama, tuirekebishe kwanza." Tukaizungusha ile pete pamoja, jicho moja baada ya jingine. Akaiinua. Akanyamaza muda mrefu, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Kumbe ana watoto," akasema. "Watatu. Hapana, wanne."